Theluthi ya Mshahara
Mtumishi wa umma Tanzania ana kinga moja: makato yote yakishapita, abaki na angalau theluthi ya mshahara wake wa msingi. Kwa mwalimu anayelipwa shilingi 600,000, hiyo ni 200,000 ya mwezi mzima, yaani chini ya 7,000 kwa siku. Kama mwenzake hana kazi, humo humo mna unga, mkaa, LUKU na madaftari. Benki iliyomkopesha haina wasiwasi, inakatiwa chake kabla mshahara haujamfikia mwenyewe. Wasiwasi uko nyumbani. Tarehe 15 haijafika, baba keshakwenda kwa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kali, kaacha kadi ya benki na namba ya siri (ndiyo, namba ya siri!), kapewa 100,000 arudishe 130,000. Mama hajui. Kwangu mimi, huko kutojua ni kubaya kuliko riba yenyewe, kwa sababu anayepika ndiye anayejua kipi kipunguzwe na kipi hakiguswi. Ndugu msomaji, kabla hujaomba nyongeza ya mkopo, mwonyeshe mwenzako hati ya mshahara leo jioni, kisha muanze kumlipa huyo anayeshikilia kadi yenu. Nyongeza ya benki itasubiri zamu yake.