Kuni Zenye Utando wa Buibui

Barazani, na Abu Faraji

Wasomaji wa baraza hii wamezoea kunisikia nikisema habari za bandari, za madrasa na za bei ya samaki, na huenda wakastaajabu leo kuniona, mimi mwenye umri wa kustahiki uji na mkate wa mofa, nikishika kalamu kwa ajili ya piza. Lakini mtu aliyekula chakula kibaya mara tatu katika mkahawa mmoja, akalipa mara tatu, na mara tatu akamwambia mhudumu kwa tabasamu kuwa kilikuwa kizuri, ana deni la kujieleza.

Mkahawa wenyewe uko Malindi, na jina lake nalisitiri. Mji ule, tangu zama za Wataliano waliorusha satelaiti yao mwaka 1967 kutoka jukwaa la San Marco, baharini huko Ngomeni, umewazoea watu hao na lugha yao, hata kijana wa Kigiriama auzaye vinyago ufukweni hutaja bei kwa Kitaliano kabla hajaulizwa. Kwa hiyo mtu aendaye kula piza Malindi hafuati kioja cha ugenini. Anafuata chakula ambacho mji umekaa nacho kwa zaidi ya nusu karne, na si tamaa iliyopita kiasi akikitarajia kiwe kimeiva.

Mara ya kwanza nilipelekwa na mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, aliyeolewa huko. Tulikaa chini ya paa la makuti, na mbele yetu lilisimama tanuri la kuba lililovikwa vigae vyeupe na vya buluu, kando yake kuni za mvinje zimepangwa kwa ustadi kama vitabu vya kadhi. Nilipoliona tanuri lile moyo ulitulia. Kisha ikaletwa piza, nyeupe chini kama karatasi, na katikati yake kidimbwi cha maji ya nyanya yaliyochanganyika na maji ya jibini, kiasi kwamba kipande cha kwanza nilichokiinua kwa vidole kiliinama, kikatua shehena yake yote juu ya kanzu yangu. “Pole, mjomba,” akasema binti yule, naye akawa anakula chake kwa kijiko.

Mara ya pili mambo yaligeuka kinyume: mkate ulikuwa mkavu wa kuvunjika, jibini imekuwa mpira, na juu yake jodari wa kopo, katika mji ambao jodari mbichi hushushwa na wavuvi mwendo mfupi tu kutoka kwenye meza ile. Hili la kopo sitalisema zaidi, maana hasira yangu juu yake ingali mbichi.

Watu wa Napoli, ambao ndio wenye chakula chao, na ambao ufundi wao UNESCO iliuingiza katika orodha ya turathi za wanadamu mwaka 2017, hawatii katika donge lao ila unga wa ngano, maji, chumvi na hamira. Lakini chama chao cha kuulinda ufundi huo, kilichoundwa mwaka 1984, huamuru donge liumuke kwa saa zisizopungua nane, kisha liingie katika tanuri, kwa desturi la kuni, lenye joto la kiasi cha digrii 430 hadi 480, na humo huiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu. Siri yote imo katika ukali wa joto hilo, ambalo huyageuza mvuke maji ya nyanya na ya jibini kabla hayajapata wasaa wa kuutotesha mkate, ilhali ukingo hupanda kwa ghafla na kushika madoa meusi. Mwenye jiko la nusu ya joto hilo hana ila njia mbili: aitoe mapema, iwe mbichi, au aiache hata iwe biskuti, nami, kwa insafu ya mpishi wetu, nilikwisha kuzionja zote mbili. Bibi yeyote aliyewahi kubandika mofa ukutani mwa tanuri angeyafahamu haya bila ya kusafiri, kwani ukuta usipowaka sawasawa hatii mkono.

Mara ya tatu, nilipokuwa nikienda kunawa, nilipita karibu na lile tanuri la vigae. Baina ya kuni na kuni palikuwa na utando wa buibui, mpana, mkamilifu, na mwenyewe yumo katikati amestarehe. Na nyuma ya mlango wa jikoni ikalia kengele ya jiko la umeme. Nikarudi mezani, nikala. “Chakula kilikuwaje, mzee?” akauliza kijana mhudumu. “Kizuri, mwanangu, ahsante.”

Tumelelewa hivyo. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia chakula ila, akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha, na hiyo ni adabu ambayo mama zetu walitutia kwa makofi. Lakini katika fikihi ya dini hiyohiyo umo mlango wa bei, na katika mlango huo mushtari aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichika ana khiyari ya kukirudisha. Na masheikh wetu wa Kishafii wameshurutisha kuwa akirudishe papo hapo, kwa sababu mtu akiitambua aibu, kisha akaendelea kukitumia kitu, huhesabiwa kuwa ameridhika nacho. Mimi niliutambua ule ubichi katika tonge la kwanza, nikaendelea mpaka la tisa. Kwa hukumu hiyo sina kesi, na fauka ya kukosa kesi, nimekuwa shahidi wa uongo, maana mpishi gani atahangaika kuwasha kuni ikiwa kila sahani hurudi tupu na kila mzee hushukuru?

Juma lililopita nilirudi peke yangu. Ikaletwa piza, nikakata, nikaona unga mbichi, nikaweka uma chini. Nikamwita kijana yule na kumwambia, kwa sauti ndogo lakini bila ya tabasamu, “Mwanangu, hii haikuiva.” Hakukasirika. Akaitazama, akatazama upande wa jikoni, akainama sikioni mwangu: “Kweli, mzee wangu. Hata sisi hatuzili. Huko nyuma tumepika wali na mchuzi wa papa; nikuletee kidogo?”

Ukaja katika sahani ya bati, bila ya kitambaa wala uma. Mchuzi ulikuwa umezidi chumvi, umezidi sana. Lakini hisabu ilipoletwa haukuandikwa humo, nami nikamwambia yule kijana kuwa ulikuwa mtamu.