Alifuta Ndege, Akaweka Ndege

Muhula uliopita niliandika insha juu ya siku tuliyompeleka babu hospitalini. Nilieleza kwamba kabla hatujafika barabarani bundi alilia mchana kweupe juu ya mfenesi, na mama, ambaye alikulia Mombasa, akasema, "Hii ni ndege mbaya." Insha iliporudi, maneno mawili ya mwisho yalikuwa yamepigwa mstari mwekundu. Pembeni mwalimu ameandika "ushirikina", kisha, nadhani kwa nia ya kunisaidia, akaongeza neno la Kiingereza aliloona linafaa zaidi: "inauspicious". Nikakatwa alama tatu.

Babu hakurudi nyumbani. Katika yote ya siku ile, ni kauli ya mama ninayoikumbuka zaidi, ndiyo maana sikuweza kuuacha ule mstari upite. Nilikwenda kwenye kamusi ya Kiingereza.

Nilichokikuta kilinichekesha, kisha kikanikasirisha. Neno la mwalimu limetoka katika Kilatini, na ndani yake mna maneno mawili: ndege, na kutazama. Roma ya kale ilikuwa na watu ambao kazi yao, tena kazi ya serikali, ilikuwa kutazama jinsi ndege wanavyoruka na jinsi kuku wanavyodonoa nafaka kabla ya vita. Mwaka 249 KK jemadari Claudius Pulcher aliambiwa kuku wamekataa kula. Inasimuliwa kwamba aliamuru watupwe baharini, kama hawali basi na wanywe, akaenda kupigana Drepana, akashindwa vibaya. Kwa hiyo mwalimu wangu alifuta ndege, akaweka ndege. Tofauti ni kwamba ndege wake amepitia Roma na London, na wa mama alikuwa juu ya mfenesi.

Wala si neno hilo peke yake. "Disaster" lina nyota ndani yake, nyota iliyokaa vibaya. Hapa Uganda tuna wizara yenye neno hilo katika jina lake, na sijasikia mtu akimshutumu waziri kwamba anapiga falaki. "Influenza", ambalo madaktari huliandika kwenye cheti cha mgonjwa bila kutabasamu, Waingereza walilipata kwa Waitalia katika karne ya 18, na asili yake ni nguvu za nyota zilizodhaniwa kuwashukia watu na kuwaletea maradhi. "Sinister" ni mkono wa kushoto. "Ambsace", ambalo limekwisha kufa, ni dadu mbili zilizoangukia moja na moja, yaani nuksi tupu. Linalonipendeza kuliko yote ni "dismal". Siku hizi ni huzuni tu, au matokeo mabovu ya mtihani. Zamani zilikuwa siku za mkosi, mbili katika kila mwezi, 24 kwa mwaka, zimeandikwa kabisa kwenye kalenda za Ulaya, na watu walizikwepa wasianze jambo wala wasitolewe damu na tabibu.

Wenzangu darasani hunijibu kwamba Mwingereza hayakumbuki tena hayo, kwake ni maneno tu. Nakubali. Lakini kwa nini kusahau kuwe haki ya Mwingereza peke yake? Muuza ndizi wa Kampala asiyepata mteja mpaka saa sita husema ana ekisiraani, kile kisirani chetu kilichovishwa Kiganda, na haendi kwa mganga, anapunguza bei. Neno ndege lenyewe tumeipa hadi eropleni, na hakuna abiria pale Entebbe anayeuliza mabawa yatapigwa saa ngapi.

Sitetei kila neno. Anayemwita mtoto kisirani kwa sababu alizaliwa siku ya msiba anamuumiza mtoto huyo, na hapo kalamu nyekundu ingekuwa na kazi ya kufanya. Mama hakumuumiza mtu. Alikuwa na hofu, akaisema kwa neno ambalo lugha ilimpa, nami nikaliandika kama alivyolisema.

Nimemrudishia mwalimu insha. Sentensi zote alizosahihisha nimeziandika upya, isipokuwa ile ya bundi. Alama zangu tatu bado anazo.