Majibu ya Mgonjwa Yasipite Njia ya Wazi
Daktari wa wilayani anapofungua hifadhidata ya hospitali ya rufaa, majibu ya VVU ya mtu husafiri mtandaoni. Wapo mafundi ambao, kwa haraka, huuacha mlango wa MySQL, namba 3306, wazi kwa dunia nzima. Kwangu hilo ni sawa na kubandika faili la mgonjwa ukutani. Tangu mwaka 1995, Tatu Ylönen alipobuni SSH baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo chake huko Espoo, ipo njia ya handaki: taarifa husimbwa safarini, na hifadhidata hujibu ndani ya seva yake tu. Lakini handaki halifai kitu iwapo watumishi sita wanatumia ufunguo mmoja (nimeyaona haya). Kila mmoja awe na wake, nao ufutwe siku ileile anapohamishwa kituo.