Wauza unga wa 'nano' wachunguzwe



Nina dukuduku kuhusu jambo linalozidi kuota mizizi huku vijijini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi.

Siku hizi katika gulio letu wapo watu wanaouza unga wa kopo, wakiutangaza kwa kipaza sauti kuwa ni "dawa ya nano" inayotibu saratani ya kila aina bila kupasuliwa wala kupigwa mionzi. Kopo moja ni shilingi 30,000. Ukiwauliza nano ni kitu gani, wanakujibu kuwa ni utaalamu wa juu wa Wazungu, mwalimu wa kijijini hawezi kuuelewa. Mama mmoja hapa kijijini, ambaye ameshapewa barua ya rufaa kwenda Ocean Road, amemaliza makopo manne na barua bado iko kwenye mkoba. Huu ni wizi mbaya kuliko wa kuvunja nyumba. Mvunja nyumba huchukua redio. Hawa wanachukua miezi ambayo mgonjwa wa saratani hana ya kupoteza.

Ubaya wake ni kwamba nano yenyewe ni jambo la kweli, na ndiyo maana uongo wao unapata wasikilizaji. Basi naomba niwaeleze wananchi wenzangu kama ninavyowaeleza wanafunzi wa darasa la saba.

Chukua rula, uigawe milimita moja katika sehemu milioni moja. Sehemu moja ndiyo nanomita. Chembe za dawa ninazozisema huwa na upana wa nanomita 100 hivi, na unywele wa mtu una karibu 80,000. Chembe hiyo si dawa, bali ni chombo cha kubebea dawa. Dawa iliyomo ndani mara nyingi ni ile ile ya zamani, kama paklitakseli, ambayo ilipatikana kwanza katika gome la mti wa magharibi ya Marekani. Dawa za namna hii huua seli zinazogawanyika upesi, na zikishaingia katika damu hazichagui. Huua za saratani na pia zile za nywele, za utumbo na za uboho unaotengeneza damu. Wataalamu wakaona heri dawa ifungwe, isimwagike njiani.

Chombo hicho hutengenezwa kwa polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo. Ndoo ya plastiki nayo ni polima, lakini hata ukiifukia shambani wajukuu wako wataikuta. Polima ya dawa hutengenezwa kwa asidi laktiki, ile inayoyafanya maziwa ya mgando yawe makali, pamoja na ndugu yake asidi glaikoliki. Ikiwa mwilini, maji huikata pingili kwa pingili, dawa ikatoka kidogo kidogo, na mabaki yake mwisho huwa maji na kabonidayoksaidi tunayoitoa kwa pumzi. Wapo akina mama wengi walioshonwa uzi unaoyeyuka wenyewe baada ya kujifungua kwa upasuaji. Nyuzi nyingi za aina hiyo ni polima za ukoo huu huu, na zimetumika tangu miaka ya 1970.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1976 Robert Langer na Judah Folkman wa Marekani walionyesha kuwa polima inaweza kuachia molekuli kubwa polepole kwa siku nyingi. Mwaka 1989 huko huko iliidhinishwa sindano ya leuprolidi ya saratani ya tezi dume, iliyofungwa katika punje za polima hii, zilizo kubwa kuliko za nano, na mgonjwa akawa anachomwa mara moja kwa mwezi badala ya kila siku. Korea Kusini nayo mwaka 2007 iliruhusu paklitakseli iliyobebwa na chembe za polima. Faida yake ni kwamba paklitakseli haiyeyuki katika maji, na kimiminika cha kuiyeyushia, kitokanacho na mafuta ya nyonyo, huwaletea baadhi ya wagonjwa mzio mkali. Chembe zikiibeba, kimiminika hicho hakihitajiki.

Lakini hakuna muujiza hapo. Chembe nyingi hukamatwa na ini na wengu kabla hazijafika. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto, Kanada, walikusanya majaribio ya miaka 10 yaliyofanywa kwa wanyama wakaona kwamba, kwa kawaida, kati ya kila chembe 1,000 zilizodungwa ni kama 7 tu zilizofika katika uvimbe. Mwaka huo huo kampuni ya BIND Therapeutics, ambayo Langer mwenyewe ni mmoja wa waanzilishi wake, ilifilisika baada ya majaribio kwa wagonjwa kutoridhisha. Waliopata shida hivyo ni maprofesa wenye maabara. Huyu wa gulioni kaifaulu wapi?

Tena dawa hizo hudungwa mshipani na mganga aliyesomea, hazikorogwi katika uji. Na polima inayokatwa na maji haiwezi kuanikwa kutwa katika jua na unyevu, kopo likifunguliwa na kufungwa kwa kila anayetaka kuonja.

Naiomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ichukue unga huu ikaupime, ututangazie kilichomo. Halmashauri nazo, ambazo hutoza ushuru kila anayetandika turubai gulioni, ziwe zinauliza pia kinachouzwa juu ya turubai hilo. Nanyi waandishi, mnapoandika kwa herufi kubwa kuwa "tiba ya saratani yapatikana", tuambieni kama aliyepona ni panya au ni mtu, na ni saratani gani. Vichwa vya habari vya namna hiyo hukatwa vikabandikwa kwenye makopo, nimeviona.

Lipo na jambo la nauli. Shilingi 30,000 ni nyingi, lakini mtu akijumlisha basi la kwenda Dar es Salaam, mahali pa kulala na chakula cha anayemsindikiza, kopo linaonekana rahisi. Wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi. Je, halmashauri haziwezi kutenga fungu dogo la kumfikisha hospitali mgonjwa mwenye barua ya rufaa? Naomba wahusika watujibu katika ukurasa huu huu.

Mwalimu wa Kijijini,
Kilosa, Morogoro.