HALAB, MJI WA NJIA PANDA



Mwezi huu tuuzuru Halab, mji wa kaskazini mwa Shamu ambao Wazungu huuita Aleppo. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Ibrahim (a.s.) alikuwa akikama mifugo yake juu ya kilima cha mji huo, na kwa Kiarabu "halaba" ni kukama. Simulizi ni tamu, ila jina lenyewe ni kongwe mno: limo katika vibao vya udongo vya yapata miaka 3,700 iliyopita.

Neema ya Halab ilikuwa mahali ulipo, baina ya Bahari ya Mediterania na mto Furati. Misafara iliyobeba hariri ya Uajemi na viungo vya Bara Hindi ilikutana hapo na wafanyabiashara wa Venice, na baadaye Waingereza. Mizigo ilishushwa katika majumba yaitwayo khan, yenye ghala chini na vyumba vya wasafiri juu. Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Halab pia.

Mji huo ulibomolewa na Wamongolia mwaka 1260, ukatekwa na Timur mwaka 1400, ukaangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 1822. Kila mara ulijengwa upya, kwani misafara ilikuwa bado ikipita. Mwaka 1869 ulifunguliwa Mfereji wa Suez, na biashara ikazidi kuhamia baharini. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mipaka mipya ikautenga na masoko yake ya Anatolia. Hata hivyo watu wa Halab waliendelea kuishi kwa ufundi wao wa nguo na sabuni ya mafuta ya zeituni.

Kisha vikaja vita vya 2012 hadi 2016. Soko la kale liliungua, na Aprili 2013 mnara wa Msikiti Mkuu, uliosimama tangu karne ya 11, ukaporomoka. Maelfu kwa maelfu walihama, na baadhi ya mafundi wa sabuni wakaanza upya Uturuki.

Ndugu zangu, njia za biashara huhama, na mawe huanguka. Ufundi wa sabuni ulisalimika kwa kuwa baba alimfundisha mwana. Nasi tulio ugenini tujiulize: lugha yetu na kazi za mikono za wazee wetu, nani nyumbani anafundishwa?

Tukutane mwezi ujao, inshaallah.