Programu ya ujumbe kwa mkulima ianzie kwenye kitochi

VIJANA wetu wanaosomea kompyuta wana ari kubwa ya kutengeneza programu za simu zitakazompelekea mkulima ujumbe wa bei, mvua na wanunuzi. Tunawapongeza. Tatizo ni kwamba nyingi ya programu hizo huonyeshwa kwenye makongamano mijini, hupigiwa makofi, na hazifiki Kibaigwa wala Mbinga. Kwa maoni yetu, kosa hufanyika mapema, pale mtengenezaji anapojiuliza programu yake itapendeza vipi kabla ya kujiuliza mkulima ana simu gani mkononi na salio kiasi gani.

Tuitazame iliyofanikiwa kuliko nyingine zote. WhatsApp ilianzishwa Marekani mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, ambao awali walikuwa wafanyakazi wa Yahoo. Haikubaki kwa wenye simu za bei kubwa. Ilitengenezewa toleo la simu za Nokia za vitufe, za bei nafuu, na toleo hilo lilihudumiwa hadi mwisho wa mwaka 2018. Mteja hakuulizwa anuani ya barua pepe wala neno la siri. Namba yake ya simu ilitosha. Mitambo yake iliandikwa kwa Erlang, lugha ya kompyuta iliyobuniwa na kampuni ya Ericsson ya Sweden katika miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, ambayo haitakiwi kuzimika usiku wala mchana. Facebook walipoinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, ilikuwa na watumiaji milioni 450, na wafanyakazi hawakufika hata 60.

Lakini hata WhatsApp inahitaji intaneti, na intaneti inahitaji kifurushi. Mkulima mwenye kitochi hana vyote viwili. Kwake yeye ujumbe mfupi wa kawaida, uliotumwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1992, bado ndiyo njia ya uhakika. Simu ikiisha chaji, kituo cha kampuni ya simu huutunza ujumbe kwa muda na kuufikisha simu inapowashwa. Menyu za nyota na reli, tulizozizoea katika kutuma fedha, nazo hufanya kazi kwenye simu yoyote, ingawa mtandao ukikatika katikati unalazimika kuanza upya.

Wenzetu wa Kenya waliliona hilo. Huduma ya iCow, iliyoanza mwaka 2011, ilimwezesha mfugaji kusajili siku ng'ombe wake alipopandishwa, kisha akapokea ujumbe wa kumkumbusha la kufanya katika kipindi chote cha mimba, ambacho ni kama siku 280. Hakuhitaji simu ya kisasa. Alihitaji kujua kusoma na kuikumbuka tarehe.

Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwamo. Hapo ndipo anayemjua mkulima hutofautiana na asiyemjua. Mtu wa ofisini ataandika bei ya gunia la viazi na kudhani amemaliza kazi. Gunia lipi? La kilo 100, au lumbesa iliyoshonewa kilemba juu, ambayo sheria inaikataza lakini bado inapakiwa kwenye malori? Mkulima aliyetumiwa bei ya gunia bila uzito hajasaidiwa. Dalali atakubaliana naye bei hiyo hiyo, kisha atajaza hadi gunia lipasuke. Bei itajwe kwa kilo, pamoja na jina la soko na tarehe. Bei ya nyanya ya juzi ni habari ya zamani, na anayevuna leo hawezi kusubiri hadi wiki ijayo.

Lipo pia suala la kuaminika. Nchi nzima inazijua jumbe za matapeli za "ile hela itume kwenye namba hii". Huduma ya mkulima itumie namba moja fupi isiyobadilika, na isimwombe kamwe fedha wala namba ya siri. Ikivunja sharti hilo mara moja tu, kijiji kizima kitaifuta.

Nani alipie? Swali hili huachwa mwisho, na ndilo linaloua huduma nyingi. Kila ujumbe unaotumwa kwa maelfu ya watu una gharama, na mfadhili akiondoka jumbe nazo hukoma, mara nyingi mavuno yakiwa shambani. WhatsApp yenyewe iliwahi kutoza dola 1 kwa mwaka, hadi ilipoacha mwaka 2016. Ushauri wetu ni kwamba vyama vya ushirika na wanunuzi wakubwa wachangie, kwa kuwa nao hunufaika wakijua mzigo uko wapi na lini utakuwa tayari. Mkulima asikatwe salio kimyakimya kwa huduma ambayo hakuiomba.

Tunaiomba Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ikae na kampuni za simu na Wizara ya Kilimo, wapange namba fupi ambayo mkulima ataitumia bila malipo kuuliza bei, na wafanye hivyo kabla ya msimu ujao wa mavuno.