Gesti za kando ya Mto Malaba zimefunguliwa tena

Mhariri,

Mafuriko yakitajwa katika kaunti yetu ya Busia, macho yote huelekea Budalang'i, ambako Mto Nzoia huvunja kingo ukikaribia Ziwa Victoria. Ni haki, wenzetu wa huko wameteseka miaka mingi. Lakini nasi wa Malaba tuna mto wetu, unaoteremka kutoka Mlima Elgon. Mvua kubwa ikinyesha kule juu, maji hutufikia hata kama hapa kumekauka.

Mimi na mume wangu tuna gesti ndogo karibu na mto. Wageni wetu ni madereva wa malori na utingo wao, wanaosubiri karatasi za forodha. Maji yalipoingia usiku tuliwatoa wote salama, nashukuru Mungu. Tulibaki na matope hadi usawa wa dirisha. Magodoro tuliyaanika juani, tukayageuza, tukayaanika tena. Sponji ikishanywa maji ya mto, harufu haitoki. Tuliyatupa.

Sasa kuta zimepakwa rangi, vitanda vimeinuliwa kwa matofali. Kinachotuumiza ni uvumi kwamba gesti za huku zimefungwa, hivyo dereva analala ndani ya lori lake.

Nawaomba wahusika wazibue mitaro kabla ya masika, na tahadhari za mvua ya Elgon zitangazwe mapema redioni kwa Kiteso na Kiluhya pia. Nanyi madereva, karibuni tena. Vyumba viko tayari.

Mwenye gesti,
Malaba